Kwa Nini Kitabu Chetu Kilichelewa

Kwa muda wa miaka mitatu hatukuweza kupita njia ya gulioni pasipo kuulizwa swali moja: "Mwalimu, kitabu kimekwisha?" Wazee waliuliza, vijana tuliowafundisha waliuliza, hata kondakta wa gari liendalo Moshi aliuliza huku akitudai nauli. Sisi tulijibu, "Bado kidogo." Mwaka wa kwanza jibu hilo lilikuwa kweli. Mwaka wa pili lilikuwa nusu kweli. Mwaka wa tatu tulianza kupita njia ya nyuma, ile ya mgombani, ili tusiulizwe.

Sasa kitabu kimekwisha, nasi twaona yafaa tuwaeleze wenzetu kilichokichelewesha. Wengine walisema tumeshindwa ada. Wengine walisema ni uvivu. Na mmoja, ambaye hatumtaji, alisema ya kuwa elimu ya biashara haimfai mwalimu, maana mwalimu hana biashara. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kweli, lakini sababu yenyewe hapana aliyeitaja, kwa kuwa tuliificha.

Sisi twafundisha biashara na utunzaji wa hesabu katika shule ya sekondari. Mwaka 2019 tuliingia chuo kimoja cha biashara kutafuta shahada ya pili, tukisoma jioni na siku za Jumamosi. Masomo yenyewe hayakutushinda. Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni, nasi tukafanya mitihani pamoja na wenzetu, tukafaulu. Ndipo ikabaki kazi moja tu, yaani utafiti. Mwanafunzi wa biashara hapewi shahada hiyo kwa kujibu mitihani peke yake. Sharti achague jambo moja, aliulize kwa watu au alichunguze katika hesabu za makampuni, alipime, aandike kitabu cha milango mitano, kisha asimame mbele ya walimu akitetee. Darasani mwanafunzi hupewa swali ambalo jibu lake lipo. Katika utafiti hujitungia swali mwenyewe, wala hapana kurasa za nyuma ambako aweza kuchungulia jibu. Hapo ndipo wengi husimama. Katika wenzetu sita tuliokaa benchi moja, wawili hawajamaliza hata leo, nao walikuwa na akili kutushinda.

Tulipeleka vichwa vitatu vya kazi, vyote vikarudishwa. Cha kwanza kiliambiwa kipana mno, cha pili kimekwisha kuandikwa, cha tatu hakikuelezwa sababu. Cha nne kilipokewa: "Mchango wa vikundi vya kuweka na kukopa katika kukuza biashara ndogo za wanawake." Vikundi hivi hatuna haja ya kuvieleza sana, maana wengi wenu mu wanachama. Mwajua kasha lenye kufuli tatu na funguo zake kwa watu watatu, mwajua hisa, mfuko wa jamii, na siku ya kugawana mwisho wa mwaka. Watu wengi hudhani mambo haya yalizaliwa kwetu. Walakini mfano wake ulianzishwa mwaka 1991 huko Maradi, nchi ya Niger, na shirika la CARE pamoja na wanawake wa huko, ukaenea sehemu nyingi za Afrika.

Tazameni tena kile kichwa cha kazi. Neno lake la kwanza ni "mchango". Yaani tulikwisha kusema ya kuwa mchango upo, na kwamba biashara zimekua. Iliyobaki ni kwenda kuwaomba watu watuunge mkono. Nasi tulitaka sana iwe hivyo, kwa maana mwenzetu wa nyumbani ni mwekahazina wa kikundi. Hata katika kusoma tulisoma kwa jicho moja. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja taarifa za tafiti sita juu ya mikopo midogo, zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Zilionyesha ya kuwa mikopo ile iliwasaidia watu kwa njia kadhaa, ila haikuyabadili sana mapato ya walio wengi. Hiyo ilikuwa mikopo ya makampuni, si ya vikundi kama vyetu. Hata hivyo ingalitupasa kuzipima vizuri. Tuliziona, tukazipita kama mtu apitavyo mdai wake njiani.

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa mpole, lakini alihamishwa kazi. Wa pili aliisoma milango miwili tuliyokwisha kuandika, akasema tuanze upya mlango wa pili, maana hakuyapenda maneno ambayo yule wa kwanza alituamuru kuyatia. Miezi minane ikapotea hapo. Hatuandiki haya ili kulaumu. Mwalimu mmoja aweza kuwa na wanafunzi wengi wa utafiti pamoja na madarasa yake, nasi walimu twajua mzigo wa madaftari usivyoonekana na watu wa nje. Ila siku zile tulilaumu, tena sana, na katika kulaumu tulipata nafasi nzuri ya kutofanya kazi.

Pendekezo lilipokubaliwa tulipewa barua. Barua ile ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akatuandikia kwa watu wa Wilaya. Wilaya wakatuandikia kwa Mtendaji wa Kata. Kata wakatuandikia kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye shamba lake na letu hupakana. Basi tulizunguka majuma saba ili turuhusiwe kusema na watu tunaosalimiana nao kila siku. Lakini jirani yetu yule, alipokwisha kuisoma barua na kuipiga muhuri, alituuliza neno ambalo hapana aliyetuuliza katika ofisi zote. Alisema, "Mwalimu, ukishapata majibu ya watu, utawarudishia?" Tulisema ndiyo, kama mtu asemavyo ndiyo akitaka kuondoka.

Vikundi vya kata tulivyoviorodhesha vilikuwa na wanawake 412. Tuulize wangapi? Vyuo vingi hutumia kanuni ya Taro Yamane, iliyomo katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967. Nayo si ngumu: chukua watu wote 412, zidisha kwa 0.0025, ongeza 1, utapata 2.03, kisha gawanya 412 kwa hiyo 2.03. Jibu ni 203. Tulifurahi, maana hesabu ilikuwa safi. Lakini kila mama ajua ya kuwa mpishi hanywi chungu kizima ili ajue chumvi. Huonja kijiko kimoja, na kabla ya kuonja hukoroga. Kanuni ile yasema uonje vijiko vingapi. Kukoroga ni kazi yako mwenyewe. Sisi hatukukoroga. Tulianza na wale wakaao karibu na barabara, na wale tusalio nao, na marafiki za mwenzetu wa nyumbani.

Tena watu waliogopa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviagiza vikundi vijiandikishe, na kwa hiyo mtu yeyote ajaye na karatasi kuuliza habari za fedha alidhaniwa kuwa ametumwa. Wengine walituona kama watu wa kodi. Wengine walidhani tu mawakala wa ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu, wakatafuta watoto wao waseme mama hayupo, ijapokuwa mama alionekana mlangoni. Katika kikundi kimoja mwenyekiti alilifunga kasha tulipoingia, akakaa juu yake.

Dodoso letu lilikuwa na maswali 38, nalo liliandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya chuo, kisha tukaligeuza kwa Kiswahili usiku kwa usiku. Hapo tulijitegea mtego bila kujua. Kuna neno la wahasibu lenye maana ya fedha izidiyo baada ya kutoa gharama zote. Tuliligeuza "faida", kama kila mtu angefanya. Tukaenda kwa mama mmoja auzaye nguo za mitumba.

"Mama, tangu uingie katika kikundi, faida imeongezeka?"

"Imeongezeka sana, mwalimu."

"Imeongezekaje?"

"Nilipofiwa walikuja wote. Walileta mchele na sukari, na mfuko ukatoa fedha. Zamani ningalilia peke yangu."

Karatasi haikuwa na mahali pa sukari. Ilikuwa na vyumba vitano, kuanzia "Sikubali kabisa" hata "Nakubali sana", ndiyo mizani iliyotungwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Tukatia alama katika "Nakubali sana" tukaenda zetu. Mama mwingine, mzee, alitusikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mtu akikubali amekubali. Huko kukubali sana kunaongeza nini?" Tulicheka. Hatukuwa na jibu.

Na palikuwa na swali la mapato kwa mwezi. Hapana mama wa gulioni ahesabuye kwa mwezi. Yeye huhesabu kwa gulio, na gulio letu ni mara mbili kwa juma; tena gulio la mvua si gulio la kiangazi, na juma la msiba haliendi mtu. Basi wao walitutajia fedha za gulio moja, nasi tukazidisha kwa nane kwa mkono wetu, tukaandika jibu kana kwamba wamelisema wao.

Hata ruhusa yetu ya kazini iliposalia siku tisa, tulikuwa na karatasi 61 katika zile 203. Mvua zilikuwa nyingi, na kwa siku njema tulipata watu wanne. Mwenzetu mmoja wa darasani akatupigia simu. Tulipomweleza, alicheka. "Pika data, ndugu yangu. Unadhani sisi tulimalizaje?" Kupika data ni maneno ya siku hizi; maana yake ni kubuni majibu ya watu ambao hukuwauliza. Wako hata vijana mjini, katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, ambao huipika kwa malipo, na ukiongeza fedha watakuandikia kitabu chote, jina lako juu.

Hatukwenda kibandani. Twapenda kusema ya kuwa tulikataa. Lakini ukweli ni kwamba hatukuwa na fedha zao. Tulijifungia chumbani, tukawaambia watu wa nyumbani tunasahihisha mitihani. Tulikuwa na kalamu ya buluu, na nyeusi, na penseli moja. Karatasi nyingine tulizijaza kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ubadilike. Hata jogoo la kwanza tulikuwa tumejaza 14.

Tukazisoma tena, kama tusomavyo kazi ya wanafunzi. Wanawake wetu wa kalamu walikuwa wazuri mno. Wote walikuwa na umri wa miaka 30 na kitu. Mikopo yao waliitia yote katika biashara na kuirudisha kwa wakati. Hapana aliyefiwa, hapana aliyeugua, hapana aliyekuwa na mume mlevi wala mtoto wa kununuliwa viatu. Wala hapana hata mmoja aliyetuuliza swali. Sisi ndio tuliowanyima alama wanafunzi walioongeza tarakimu ya uongo ili pande mbili za urari zilingane. Tulikuwa tukiwaambia, "Hesabu isiyolingana inakwambia kitu." Tulizima taa, lakini hatukulala.

Asubuhi alikuja mama auzaye ndizi, ambaye siku nyingi alituahidi kutuletea daftari lake. Lilikuwa daftari la shule, jalada limekatika, na limeandikwa vizuri kuliko mengi tuyasahihishayo. Alikopa shilingi 300,000. Alinunua mikungu ya ndizi kwa 160,000. Alitoa 55,000 kwa sare, viatu na madaftari. Alitoa 40,000 kwa nauli na rambirambi za msiba. Zile 45,000 zilizosalia aliziweka kando, ili azitumie kulipia marejesho ya kwanza ya mkopo ule ule. Na rejesho la mwisho alilipa kwa kuuza mbuzi. Dodoso letu liliuliza: "Je, mkopo uliutumia kwa biashara?" Palikuwa na vyumba viwili, ndiyo na hapana.

"Mama, tuweke wapi?"

Akaitazama ile karatasi, akaweka kidole katika ukingo usioandikwa kitu. "Weka vyote hapa, mwalimu. Hapa pana nafasi."

Juma lililofuata tulipanda gari kwenda chuoni. Njia nzima tulipanga maneno, na tulipofika kwa msimamizi tuliyasahau yote, tukazitoa zile karatasi 14 mkobani na kuziweka mezani pake. Tulisema ni zetu. Yeye ndiye yule tuliyemlaumu miezi minane. Alizipindua moja moja, hakukemea. Kisha akauliza, "Na zile nyingine 61, wewe mwenyewe waziamini?"

Hatukujibu. Tulikumbuka sukari, tukakumbuka kuzidisha kwa nane.

"Basi," akasema, "taabu yako si karatasi zilizopungua. Swali lako ndilo baya. Nenda ukalitengeneze."

Naye ndiye aliyetuonyesha kazi ya Daryl Collins na wenzake watatu, iliyochapishwa mwaka 2009. Watu hao waliandika habari za fedha za jamaa maskini huko Bangladesh, India na Afrika Kusini. Hawakumwuliza mtu mara moja akumbuke mwaka mzima. Waliwarudia watu wale wale kila baada ya majuma mawili hivi, kwa muda wa mwaka, wakiandika kila fedha iliyoingia na iliyotoka. Kumbe jambo lile lile ambalo mama wa ndizi alilifanya katika daftari lililokatika jalada lilikuwa na heshima yake katika vyuo vikuu.

Kubadili njia ya utafiti kulitaka pendekezo jipya, barua mpya, na ada ya kuongezewa muda. Hapa hatuna budi kueleza jambo moja la nyumbani. Ndama tulikwisha kumwuza kwa ajili ya ada ya kwanza. Mwenzetu wa nyumbani alituuliza, "Cha kwanza tuliuza ndama. Hiki cha pili tuuze nini?" Tulinyamaza. Siku ya kikao chao akakopa kwa jina lake, akatuletea fedha kamili. Tulipomwuliza aliandikisha sababu gani ya mkopo, alisema, "Biashara." Wala kitabu chetu hakikuandika habari za mkopo huo, ijapokuwa huenda ndio tuliouelewa vizuri kuliko yote.

Mwaka 2023 tulianza tena. Safari hii tulikoroga. Majina yote 412 yaliandikwa katika vipande vya karatasi, yakatiwa kapuni, na mtoto wa darasa la pili akatoa 24 mbele ya watu. Kila mama alielezwa habari, akakubali au akakataa. Waliokataa tuliwashukuru na mtoto akatoa kipande kingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ijapokuwa vijijini wengi hawakuisikia, tulitaka tuishike; kwa hiyo kila mama alipewa namba, na jina lake halikuandikwa popote kitabuni. Kwa majuma 12 tuliwaendea siku inayofuata gulio la pili. Wawili waliacha katikati, wakabaki 22.

Kazi hiyo ilikuwa ndogo kwa idadi, lakini ilituchosha kuliko ya kwanza. Yapo majuma tuliyoandika mistari mitatu tu: hakwenda gulioni, mtoto ana homa, amekula akiba. Mtu akitembelewa mara moja hujipamba kwa maneno. Akitembelewa mara kumi na mbili huchoka kujipamba. Juma la tano mama mmoja alituambia ya kuwa yale aliyotueleza majuma manne ya kwanza hayakuwa kweli, tuyafute, tuanze naye upya. Tulifanya hivyo kwa furaha, na yeye alishangaa kuona tunafurahi.

Tulichokiona ni hiki. Wachache mno walitia mkopo mzima katika biashara. Kwa mama wa gulioni, mfuko wa biashara na mfuko wa nyumba ni kikapu kimoja, na mkono uingiao kuchukua fedha za ndizi ndio uingiao kuchukua fedha za dawa. Kwa walio wengi biashara haikukua katika majuma yale. Kama tungalikuwa na ile mizani yetu ya vyumba vitano, tungaliandika ya kuwa kikundi hakina mchango. Lakini siku za msiba na ugonjwa tuliona tofauti. Mama ambaye kikundi chake kilimletea mchele, sukari na fedha za mfuko alikwenda gulioni juma la pili na mtaji wake mzima. Mwingine, ambaye kikundi chake kilikuwa kimegawanyika kwa ugomvi, aliula mtaji wake katika siku nne za matanga, na hakurudi gulioni muda wote tuliokuwa naye. Kwa hawa tuliowafuata, kikundi hakikuikuza biashara, kiliizuia isiliwe.

Ndipo tulipomkumbuka yule mama wa mitumba. Tulimwuliza habari za faida, naye akatujibu habari za sukari, na sisi tukadhani hakulielewa swali. Jibu letu lilikuwa limekaa mbele yetu mwaka mzima kabla, nasi tulilitia alama katika chumba kisicho chake. Tulirudi kwake tukamweleza. Akasema tu, "Ndivyo nilivyosema." Katika mlango wa nne tumelieleza neno hilo la faida kwa kurasa tatu, na katika kitabu chote ni hizo tuzipendazo.

Habari za kuchapa, na za kompyuta iliyozimika na mlango wa tatu ndani yake, hatuzielezi. Kila aliyepita huko anazo zake. Wakati wa kutetea, mtahini mmoja alisema watu 22 ni wachache, na kwamba haiwezekani kuwasemea wanawake wa mkoa mzima. Tulisema ni kweli, tena hatukuwasemea. Mwingine aliuliza kwa nini neno "mchango" limetoka katika kichwa cha kazi. Tulieleza habari zote, hata zile karatasi 14. Kikawa kimya kidogo. Kisha wakatupa masahihisho ya majuma sita, nasi tukayafanya kwa majuma manne. Mwaka 2024 tulivikwa joho.

Ikabaki ile ndiyo tuliyompa Mtendaji. Kitabu ni cha Kiingereza, na katika wale 22 hapana aliyeweza kukisoma. Basi tuligeuza mlango wa nne kwa Kiswahili, tukausoma Jumapili moja alasiri katika ukumbi wa kijiji, bila jina la mtu. Walikuja watu kama 60, wengine kwa kusikia tu kwamba kile kitabu kimekwisha kweli. Tulisoma habari za Mama wa Saba na shilingi zake 300,000: mikungu ya ndizi, sare na viatu, msiba wa jirani, zile 45,000 zilizowekwa kando, mbuzi. Watu walicheka penye mbuzi. Wengine waliuliza maswali makali kuhusu mfuko wa jamii, hata ikawa jioni.

Watu walipotawanyika, mama wa ndizi alibaki akikunja kanga yake. Tukafuatana naye njia ya gulioni, maana sasa twaweza kuipita.

"Yule wa saba ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama. Pana neno tulilokosea?"

"Moja. Umesoma msiba wa jirani. Mimi nilikuambia msiba wa hapo jirani, maana ni nyumba ya pili kutoka kwangu. Aliyekufa ni ndugu yangu, wa tumbo moja."

Tulisimama. Kitabu kilikwisha kufungwa jalada gumu, nakala tatu ziko chuoni. Tukaitoa ile yetu mkobani, tukatafuta ukurasa ule, naye akatushikia tochi ya simu huku tukiandika kwa penseli katika ukingo.